Ulimi wa Eufrazia na Chupa za Serikali

Katika Jamhuri ya Utulivu hakuna mtu aliyekuwa ametulia. Wizara zilihama majengo kila baada ya miezi mitatu ili zisizoee. Wakurugenzi walisalimiana huku wakitembea, na wimbo wa taifa uliimbwa kwa mchakamchaka, maana mtu aliyesimama mahali pamoja kwa muda mrefu alidhaniwa anafikiri jambo. Huko, katika mji mkavu wa Chamkole, ambako zabibu huzaa vizuri mahali ambapo hata mchicha umekata tamaa, aliishi mwanamke aliyeitwa Eufrazia Mndewa, na kazi yake ilikuwa kuonja.

Alikuwa mwonjaji mkuu wa Kiwanda cha Mvinyo cha Taifa. Kila siku saa mbili asubuhi, kabla hajatia kitu kingine kinywani, alipita kwenye matangi, akachota mchuzi wa zabibu kwa kikombe cha mpini mrefu, akausukuma huku na huku mdomoni, akautema kwenye ndoo, kisha akatamka neno moja: "Bado," au "Tayari," au "Mwageni." Neno hilo likishatoka, hapakuwa na meneja wa kulibadilisha. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amegusa pilipili. Mama mkwe wake alikufa akiamini kwamba mkwewe anadharau mboga zake.

Mumewe, Kasto, alifanya kazi ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda cha chupa. Yeye alikuwa mtu wa tanuru. Tanuru la kuyeyushia kioo haliruhusiwi kupoa. Likipoa, matofali yake hupasuka na halifai tena kwa lolote. Lile la Chamkole lilikuwa likiwaka mfululizo, mchana na usiku, sikukuu na misiba, tangu Kasto hajaota ndevu. Mvinyo ambao mke alisema "Tayari" uliingia kwenye chupa zilizotoka kwenye moto wa mume, na watu wa mji walipenda kusema kwamba wale wawili wanafunga ndoa upya kila siku ya kazi.

Ndipo likatokea tukio la kidole.

Ilikuwa Sikukuu ya Utulivu, mchana kweupe, mbele ya wapiga picha. Mtulivu Mkuu, ambacho ndicho cheo cha rais wa nchi ile, alinyanyua juu chupa ya mvinyo wa Chamkole ili apigwe nayo picha ya kalenda. Chupa ikamponyoka. Ikatua juu ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Kilichoudhi zaidi ni kwamba haikuvunjika. Ilibingirika taratibu mpaka chini ya kiti cha balozi mmoja, ikakaa huko, ikitazamana na viatu vya watu bila hata chembe ya majuto.

Redio ya taifa ilitangaza saa saba kamili kwamba chupa ya kioo imejaribu kumpindua Mtulivu Mkuu kuanzia chini. Chupa yenyewe iliwekwa rumande chini ya ulinzi wa askari wawili, ikahojiwa siku nne, na kwa kuwa siku zote nne haikujibu swali hata moja, ikaandikwa kuwa imekiri.

Ikaja Amri Namba Saba. Ilikuwa na maneno manne tu: Kioo ni marufuku nchini.

Ifahamike kwamba amri ile iliandikwa kwa haraka, na mwandishi wake hakupata nafasi ya kueleza ni kioo kipi. Polisi wa Chamkole, ambao ni watu waangalifu, walikusanya vyote. Walichukua chupa, wakachukua vioo vya madirishani, kisha wakaingia majumbani na kwenye saluni na kubeba vioo vya kujitazamia. Wiki ile vinyozi walinyoa watu kwa kuwasimulia. "Nyuma nimekuweka vizuri, mzee, pembeni pameingia kidogo, niamini tu." Madereva walirudi nyuma kwa kupiga kelele na kuomba dua. Miwani peke yake ilinusurika, baada ya mwanasheria mmoja wa serikali kuthibitisha kwamba hakuna mtu anayeita miwani kioo, miwani ni miwani. Inasemekana yeye mwenyewe haoni mbali.

Siku askari walipofika kwenye kiwanda cha chupa, Kasto alikuwa zamu.

"Zima hilo," alisema mkubwa wao, akionyesha tanuru kwa kirungu.

"Afande, hili halizimwi."

"Kila kitu kinazimwa."

"Likizimwa limekufa. Siyo jiko la mkaa hili, useme kesho nitawasha. Nipeni hata wiki mbili nilipooze polepole."

Mkubwa alitazama saa yake. "Amri haina neno polepole."

Kasto aliona askari mmoja kijana anaiendea koki ya mafuta, akamzuia kwa mkono. Hakutaka ifungwe na mtu asiyeijua. Akaifunga mwenyewe, mizunguko kumi na moja, akatoka nje bila kugeuka. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe anapepeta mchele. Alichukua nyundo akaanza kugongelea mlango wa jikoni, ambao haukuwa na kasoro yoyote. Kesho yake akagongelea meza. Ndani ya mwezi mmoja hapakuwa na kitu katika nyumba ile ambacho hakijatengenezwa mpaka kikaharibika.

Nafasi iliyoachwa na kioo ilijazwa na Mheshimiwa Tiberi Ndaluka, Waziri mpya wa Vifungashio. Alikuja Chamkole na malori sita ya chupa za plastiki, akapanda juu ya moja ya malori hayo huku likiendelea kutembea, na wananchi wakalazimika kumfuata kwa miguu ili wasikie hotuba.

"Ndugu wananchi! Kioo ni nini?" alinguruma. "Kioo ni mchanga uliojivuna! Ni kizito, ni baridi, na ukikiangusha kinakupigia kelele kama vile wewe ndiye mkosaji! Lakini plastiki," akainua chupa moja na kuibonyeza kwa vidole viwili, "plastiki ni raia mwema! Ukimkanyaga anabonyea, ukimwachia anarudi alivyokuwa, na kelele hapigi! Nani anataka chupa yenye kiburi?"

"Hakuna!" waliitikia wananchi, wakihema.

Waziri alipenda mambo ya kitaalamu. Alimwagiza Eufrazia afanye uchunguzi wa kisayansi utakaothibitisha kwamba plastiki inashinda kioo kwa kila hali. Eufrazia aliweka mvinyo mmoja kwenye chupa za aina mbili, maana kiwanda kilikuwa bado na akiba ya chupa za kioo zilizosubiri kibali cha kuharibiwa, akaonja kila wiki na kuandika. Baada ya miezi tisa alipeleka taarifa yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulisema kwamba chupa ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na kwa mvinyo utakaonywewa ndani ya nusu mwaka haina ubaya wowote. Mstari wa pili ulisema kwamba plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo, na kwa mvinyo wa kuwekwa miaka, kioo ndicho kinachofaa. Wa tatu ulikuwa sahihi yake.

Jioni ile Kasto alikuwa amekwisha kusikia. Chamkole ni mji mdogo.

"Umeandika plastiki haina ubaya?"

"Nimeandika nilichokionja, Baba Zeno."

"Mimi nimekaa hapa naonekana kituko kwa ajili ya hayo makopo, halafu mke wangu anayaandikia barua ya sifa! Huo ulimi wako uko upande gani?"

"Uko mdomoni."

Kasto alitoka, akaenda kugongelea banda la kuku. Eufrazia alikaa na sufuria mapajani, mguu wake mmoja ukitikisika wenyewe. Alijua ameandika kweli. Hakujua ni kwa nini kweli ile ilimfanya ajisikie kama mtu aliyeiba.

Waziri naye alikasirika, ila kwa mstari wa pili.

"Mvinyo wa kuwekwa miaka!" alisema, akizunguka ofisi ya meneja huku Eufrazia akigeuka geuka ili asimpe mgongo. "Mama Eufrazia, unajua Jubilei ya Utulivu ni lini?"

"Mwaka kesho kutwa, Mheshimiwa."

"Na mvinyo wa Jubilei uko wapi?"

Mvinyo wa Jubilei ulikuwa ghalani. Ulitokana na mavuno ya mwaka ambao mvua ilikata mapema na zabibu zikawa ndogo, nyeusi, tamu za kupitiliza. Siku alipouonja kwa mara ya kwanza Eufrazia hakusema "Tayari." Alikwenda akakaa nje kwenye kizingiti, na wafanyakazi wakadhani amefiwa. Ulikuwa bado kwenye chupa za kioo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuugusa.

"Utahamishwa," alisema Waziri. "Wote. Nchi haiwezi kusherehekea Jubilei kwa chupa zilizopatikana na hatia."

"Mheshimiwa, utakufa."

"Mvinyo haufi, mama. Mvinyo si raia."

Wafanyakazi walizibua na kuhamisha siku tatu mfululizo. Eufrazia alisimama hapo mpaka chupa ya mwisho, na harufu ilipojaa ghala alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayeaga.

Kuanzia hapo alionja mvinyo ule kila mwezi. Mwezi wa saba ile harufu ya maua ilikuwa imekwenda zake. Mwezi wa kumi na mbili rangi yake ilifanana na chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Mwezi wa kumi na tano aliweka tone moja tu kwenye ulimi na machozi yakamtoka. Siki. Akaandika barua kwa Waziri, akaambatanisha na kichupa cha mfano.

Waziri hakufungua kichupa. Aliunda Tume ya Uchunguzi, na Tume haikupewa kazi ya kuchunguza mvinyo. Ilipewa kazi ya kuchunguza ulimi.

Ilikuwa na wajumbe tisa, na mwenyekiti wake alikuwa profesa wa jiografia, kwa hoja kwamba ulimi nao ni eneo. Eufrazia aliketishwa kwenye kiti katikati ya ukumbi wa manispaa, akafungwa kitambaa machoni, akaambiwa atoe ulimi. Wajumbe waliuzunguka. Mmoja aliupima kwa rula. Kisha wakaanza kumpa vitu kwa kijiko.

"Hiki?"

"Sukari."

"Hiki?"

"Chumvi."

"Na hiki?"

"Mwarobaini. Majani machanga."

"Hiki je?"

Eufrazia alisita kidogo. "Ndimu. Ila kisu kilichoikata kilikata kwanza kitunguu."

Mpishi wa manispaa aliitwa, akakiri mbele ya wote na kuomba msamaha. Wajumbe walijitenga pembeni, wakanong'onezana, wakarudi. Mwenyekiti alisoma: "Tume imeridhika kwamba ulimi wa mhusika ni mzima. Ni mzima kupita kiasi. Hapo ndipo lilipo tatizo. Ulimi wa kawaida, wa mwananchi anayeipenda nchi yake, usingeona tofauti."

Ili kuonyesha jinsi ulimi wa kawaida unavyofanya kazi, wajumbe walimiminiwa mvinyo wa Jubilei, kila mmoja bilauri yake ya plastiki. Wakanywa. "Mtamu," alisema wa kwanza, mishipa ya shingo imemsimama. "Mtamu," alisema wa pili, akafuta machozi, akaeleza kwamba ni ya uzalendo. Wa sita alisema "Mtamu," akaomba ruhusa kutoka mara moja, na hakuonekana tena mpaka kikao kikafungwa. Uamuzi ulikuwa kwamba Eufrazia apewe likizo ya ulimi. Angeendelea kwenda kazini na kuvaa koti jeupe, lakini asionje kitu chochote cha serikali mpaka atakapoambiwa.

Hapo ndipo nyumba ile ikawa na watu wawili wasiotulia. Eufrazia hakujua afanye nini na asubuhi zake. Alikwenda sokoni akilamba vidole vilivyogusa asali ya watu, akanusa magunia ya ufuta mpaka wauzaji wakamfukuza. Nyumbani alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kwa kuwa Kasto naye alikuwa akizunguka kwa upande wa pili, waligongana ukumbini mara tatu au nne kwa siku. Mwanzoni waliombana radhi. Baadaye wakaacha. Siku moja waligongana wakabaki hivyo hivyo wamesimama, kifua kwa kifua, hakuna aliyesogea.

"Mama Zeno," alisema Kasto, "leo nimepita pale kiwandani. Nyasi zimeota kwenye chimni."

"Nimeziona."

"Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekwenda kutazama."

"Mimi hupita nikienda sokoni."

"Soko liko upande wa huku."

"Najua liko wapi," alisema Eufrazia.

Zikabaki siku sita kufika Jubilei, na Wizara ya Itifaki ikagundua jambo. Sheria iliyoanzisha nchi ilisema kwamba Mtulivu Mkuu hawezi kunywa kinywaji cha heshima mpaka mwonjaji mkuu wa taifa akionje mbele ya watu na kutamka, "Ni mwema." Sheria hiyo haikuweza kubadilishwa, kwa kuwa kitabu chake kilipotea wakati wizara zikihama, na kitu kilichopotea hakina pa kufutiwa. Manaibu wote watatu wa Eufrazia waliombwa kukaimu. Wote watatu walileta vyeti vya hospitali siku hiyo hiyo. Vilikuwa vya ugonjwa mmoja.

Waziri mwenyewe alikuja nyumbani kwa Eufrazia. Alikataa kiti, akasimama katikati ya sebule akibadilisha miguu.

"Mama Eufrazia, nchi inakuhitaji kwa maneno mawili. Ni mwema. Basi. Ukishayasema, tanuru la mume wako litawashwa Jumatatu. Tutaliita tanuru la majaribio. Baba Zeno atakuwa msimamizi."

Eufrazia alimtazama mumewe. Kasto aliiweka nyundo chini.

Waziri alipoondoka, Kasto alivuta kigoda akakaa mbele ya mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu alfajiri. "Sema tu, mke wangu," alisema. "Ni pumzi moja. Wale wote waliokunywa wamesema mtamu na bado wanaishi. Sijakuomba kitu tangu tuoane."

"Uliniomba niache kuimba nikiosha vyombo."

"Na hukuacha. Kwa hiyo hujanipa kitu tangu tuoane."

Eufrazia alitaka kucheka, akashindwa. Siku zile tano hakula vizuri. Alijaribu maneno yale mawili akiwa bafuni, akayajaribu akichota maji, na kila alipoyafikisha kwenye meno yalimrudia kooni.

Asubuhi ya Jubilei, alipokuwa anavaa kanga yake mpya juu ya koti jeupe, Kasto aliingia kutoka nje. Magoti yake yalikuwa na vumbi jekundu.

"Nimetoka kiwandani," alisema. "Nimepitia kwenye tundu la uzio. Nilitaka nilione kabla hawajaliwasha, nijue pa kuanzia." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Limepasuka, Mama Zeno. Ufa unaingia mkono mzima, toka mdomoni mpaka chini. Wala siyo wa jana, nyasi zimeota humo ndani. Nadhani lilipasuka wiki ile ile."

"Waziri anajua?"

"Sijui kama anajua. Anatuahidi maiti." Akamwangalia. "Mimi nilikuomba nikidhani kuna kitu. Sasa nenda kaseme chochote unachotaka."

Ukumbi wa Jubilei ulikuwa na meza sitini na wageni kutoka nchi kumi na mbili. Katikati ya kila meza palisimama chupa ya plastiki iliyofungwa utepe wa rangi za taifa. Eufrazia alisimama kando ya kiti cha Mtulivu Mkuu, ambaye hakuwa amevaa viatu vya wazi tangu lile tukio. Waziri alimimina mwenyewe. Bendi ikanyamaza. Eufrazia akaupeleka mdomoni, akausukuma huku na huku kwa mazoea ya miaka yote ile, na kwa sekunde chache alisahau mahali alipo. Alikuwa anautafuta. Chini kabisa, nyuma ya ukali wote ule, alitafuta zile zabibu ndogo nyeusi, na hakuzipata.

Hapakuwa na ndoo, ikambidi ameze.

"Ni siki," alisema.

Hakupaza sauti, lakini mbele yake palikuwa na kipaza sauti. Neno lilikwenda mpaka nje, kwenye viwanja, kwenye redio. Balozi mmoja aliangusha uma. Waziri Ndaluka aligeuka rangi, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe alisimama bila kutikisika hata unywele.

Mtulivu Mkuu alichukua bilauri yake, akanywa funda kubwa. Watu mia sita walimtazama ili wajue waone nini. Jicho lake la kulia lilifumba lenyewe. Akalifumbua kwa nguvu. Kutema kungekuwa kukiri kwamba serikali yake imeaibishwa na chupa kwa mara ya pili. Akameza.

"Ni siki," alisema Mtulivu Mkuu polepole. Akatazama kulia na kushoto. "Na nani aliwaambia kwamba nilitaka mvinyo?"

"Ni kama ulivyoelekeza, Mheshimiwa!" Waziri alidakia kabla sentensi haijatua. "Mpango wa Siki wa Taifa! Awamu ya kwanza imekamilika kabla ya wakati!"

Ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Walikunywa siki wakiwa wamesimama, wakaletewa na kachumbari isiyokuwemo kwenye ratiba. Eufrazia alikuwa amejiandaa kwa jela. Ndani ya pochi yake palikuwa na mswaki na sabuni. Kwa makofi hakuwa amejiandaa. Alivishwa Nishani ya Ulimi Daraja la Kwanza, akateuliwa Mwonjaji Mkuu wa Siki, na alipotoka nje alisimama juani muda mrefu, asijue kama ameshinda au ameshindwa. Kweli yake walikuwa wameimeza nzima, na hata haikuwapalia.

Tangu siku ile mvinyo ulipigwa marufuku na siki ikawa kinywaji cha taifa. Wananchi waliinywa asubuhi kabla ya kazi, kikombe kimoja kwa kila mtu mzima, na kulikuwa na maofisa wa kukagua kama wanatabasamu. Kiwanda kilibadilishwa kibao. Zabibu ziliendelea kuvunwa, kusagwa na kuchachushwa vile vile, kwa kuwa hakuna aliyetoa amri ya kufanya tofauti. Ila zilipofika kwenye chupa za plastiki zilibandikwa neno Siki, na kila toleo lilimhitaji Eufrazia athibitishe.

Toleo la kwanza la mavuno mapya liliiva mwezi wa pili baada ya kutiwa kwenye chupa. Eufrazia alifungua chupa moja mbele ya karani wa wizara na mbele ya Afande Mbogoni, mkuu wa polisi wa mji, ambaye alikuja kushuhudia kwa niaba ya usalama. Akaonja. Akasita. Akaonja tena, na safari hii hakutema.

"Andika," alimwambia karani. "Siki hii imeharibika."

"Imeharibika vipi, mama?"

"Ni mvinyo. Ni mvinyo mzuri sana."

Karani alitokwa na jasho. Aliuliza kama hawezi kuandika kwamba ina uchachu wa wastani. Eufrazia alisema hauna, una utamu wa zambarau, na mwishoni unakauka vizuri ulimini. Na kwamba amepewa nishani kwa kutaja kilichomo kwenye chupa, hivyo hawezi kuivunjia serikali heshima. Simu zikapigwa. Ilipofika saa saba mchana jibu likarudi kutoka kwa wizara, ambayo siku hiyo ilikuwa njiani inahama: toleo lote ni bovu, limwagwe lote korongoni kabla ya saa kumi na moja jioni, chini ya usimamizi wa polisi.

Afande Mbogoni aliisoma karatasi mara mbili. Akaivua kofia yake, akajikuna kichwa, akasema kwa sauti ambayo mtu yeyote aliyekuwa karibu angeisikia, na waliokuwa karibu walikuwa wengi, "Imeandikwa limwagwe. Haijaandikwa likimwagwa lisianguke ndani ya kitu."

Lori la kwanza lilipofika korongoni lilikuta Chamkole nzima imekwisha kufika. Walikuja na ndoo, masufuria, mabeseni ya kufulia, makopo ya rangi yaliyosuguliwa haraka haraka kwa majivu. Padri alikuja na dumu. Profesa wa jiografia, mwenyekiti wa Tume, alikuja na birika la umeme lililokatika waya. Polisi walimwaga kwa bidii kubwa, chupa baada ya chupa, na hakuna tone lililofika mchangani.

Eufrazia alimkuta Kasto amesimama mbali kidogo na wenzake, mikono mfukoni, hajaleta hata kikombe. Akamletea chupa iliyofunguliwa.

"Kwenye hiyo?" aliuliza Kasto.

"Ndiyo iliyopo."

Aliishika kama mtu anayeshikishwa mtoto wa jirani. Kidole kilizama ubavuni mwa chupa na Kasto akakunja uso. Akanywa. Alitazama mbele, upande wa chimni yenye nyasi.

"Ni mzuri," alisema hatimaye, kama mtu anayekiri kosa. "Umo kwenye plastiki na ni mzuri."

"Una miezi miwili tu humo. Mwakani usingekuwa hivi."

"Najua. Ungehitaji kioo."

"Ungehitaji."

Kasto akanywa tena, akampa chupa. "Basi tusiungoje mwakani," alisema.

Afande Mbogoni akapuliza filimbi. Lori la pili lilikuwa linateremka, na saa kumi na moja ilikuwa imekaribia. Eufrazia alimpokonya mtu beseni kubwa la bluu, akashika ukingo mmoja, Kasto akashika wa pili, wakaenda mbio.